Kizazi Kilichotolewa, Ovari Zisizotajwa: Ukomohedhi wa Upasuaji katika Historia ya Afya ya Wanawake, Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1. Neno na tatizo lake

Katika Kiswahili cha wodini na cha nyumbani, mwanamke aliyeondolewa mji wa mimba husemwa kuwa ametolewa kizazi. Aliyefungwa mirija ili asipate mimba tena husemwa kuwa amefunga kizazi, ingawa kizazi chenyewe hakikuguswa. Na yule aliyeondolewa ovari zote mbili, ambaye ndiye hasa anayeingia katika ukomohedhi siku ileile ya upasuaji, hana neno lake. Naye pia huambiwa kuwa ametolewa kizazi. Matukio matatu yenye matokeo tofauti kabisa mwilini yanabebwa na nomino moja, ambayo isitoshe ina maana ya watu wa rika moja na ya uzao wa ukoo. Makala haya yanaanzia kwenye neno hilo kwa sababu, katika eneo linaloshughulikiwa, historia ya ukomohedhi wa upasuaji ni kwa sehemu kubwa historia ya hali iliyokuwapo bila jina, na hali isiyo na jina haihesabiwi wala haiulizwi.

Ni vema kuweka wazi jambo la kitabibu kabla ya kuendelea. Ukomohedhi wa kawaida hutokea katika umri wa miaka 50 hivi, nao hutanguliwa na kipindi cha miaka kadhaa ambapo ovari hupunguza utoaji wa estrojeni hatua kwa hatua. Ovari zote mbili zikiondolewa kwa kisu, kiwango cha homoni hiyo hushuka katika muda wa siku chache. Joto la ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, ukavu na maumivu katika tendo la ndoa, pamoja na mabadiliko ya hisia, huja kwa pamoja na kwa ukali kuliko katika ukomohedhi wa kawaida. Aliyeondolewa mji wa mimba pekee hapati hedhi tena, lakini ovari zake zinaendelea na kazi. Kwa mtazamaji wa nje, na mara nyingi kwa mumewe na hata kwake mwenyewe, wanawake hawa wawili wanafanana: hakuna anayeona hedhi, na hakuna atakayezaa.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilitoka katika Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka katika Wilaya ya Magu ya Mkoa wa Mwanza. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya afya ya eneo hili analazimika, kwa hiyo, kusoma nyaraka zilizoandikwa kwa majina mengine: Maswa ya wakati wa ukoloni, Jimbo la Ziwa, Shinyanga, Mwanza. Jina Usukuma Mashariki linatumika humu kwa maana hiyo pana.

2. Pavia, Bunyoro na Georgia

Wanahistoria wa tiba huanza simulizi la upasuaji wa ovari na Ephraim McDowell, aliyeondoa uvimbe mkubwa wa ovari huko Danville, Kentucky, mwaka 1809, bila dawa ya usingizi, na mgonjwa akapona. Kwa madhumuni yetu tukio hilo si la msingi sana, kwani ovari moja ilibaki. Mwaka wenye uzito zaidi ni 1872. Katika mwaka huo madaktari watatu wasiofanya kazi pamoja, Lawson Tait wa Birmingham, Alfred Hegar wa Freiburg na Robert Battey wa Georgia nchini Marekani, waliondoa ovari za wanawake ambao hawakuwa na uvimbe wa aina ile. Battey alieleza nia yake pasipo kificho: alitaka kusababisha ukomohedhi, akiamini kuwa utaponya maumivu na misukosuko ya neva. Hivyo ukomohedhi wa upasuaji uliingia katika tiba kama lengo. Sifa yake kama madhara ilikuja baadaye, pale wapasuaji wenyewe walipoanza kulalamikiana kuwa ovari zenye afya zinaondolewa ovyo.

Chimbuko la pili ndilo linalogusa Simiyu moja kwa moja. Tarehe 21 Mei 1876, huko Pavia, Eduardo Porro alimzalisha kwa kisu mwanamke wa miaka 25 mwenye nyonga nyembamba, kisha akakata mji wa mimba pamoja na ovari ili kuzuia damu na maambukizi. Mama na mtoto walinusurika, jambo ambalo lilikuwa nadra mno katika upasuaji wa uzazi wa wakati huo. Njia ya Porro ikasambaa. Machapisho ya zama hizo yalihesabu waliopona na waliokufa. Kwamba mwanamke wa miaka 25 alikuwa sasa na mwili wa mtu aliyekoma hedhi halikuwa swali. Mwaka 1882 Max Sänger alionyesha kuwa mji wa mimba unaweza kushonwa na kubaki, na kuanzia hapo kuuondoa kukawa hatua ya mwisho badala ya kuwa hatua ya kawaida.

Kati ya Porro na Sänger kuna ushahidi wa Afrika Mashariki ambao haustahili kupitwa. Robert Felkin, aliyekuja Uganda na wamisionari wa CMS, aliandika katika jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884 kuhusu upasuaji wa uzazi alioushuhudia Kahura, Bunyoro, mwaka 1879. Mpasuaji wa Kinyoro alitumia pombe ya ndizi kumlewesha mama na kusafisha mikono yake na tumbo la mama, akazuia damu kwa chuma cha moto, akakanda mji wa mimba hadi ukajikunyata, kisha akafunga ngozi ya tumbo kwa vijiti vya chuma na kubandika dawa ya mizizi. Mji wa mimba haukushonwa, na haukuondolewa. Felkin alipoondoka siku kumi na moja baadaye mama na mtoto walikuwa hai. Simulizi hili hutajwa kila mara kama ajabu la ustadi. Mimi ninalisoma pia kama swali la kulinganisha: miaka mitatu baada ya Pavia, mpasuaji wa Bunyoro aliyekabiliwa na hatari ileile ya damu alichagua njia iliyoacha uzazi wa mwanamke mahali pake. Haidhuru kama sababu ilikuwa ya kiufundi au ya kijamii; matokeo kwa miaka iliyobaki ya maisha ya mama hayakuwa sawa.

Ujuzi wa kwa nini ovari ni muhimu hata kwa asiyetaka kuzaa ulikuja polepole. Emil Knauer alipandikiza ovari kwa sungura huko Vienna katika miaka ya 1890 na kuonyesha kuwa zinafanya kazi kwa kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow alichapisha taarifa ya wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa ambao uvimbe wao ulipungua baada ya kuondolewa ovari. Estrojeni ya kwanza ilitengwa mwaka 1929. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya nusu karne madaktari waliondoa kiungo ambacho hawakujua kinatoa nini.

3. Kisu kinafika Usukuma

Misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika eneo ambalo leo ni Simiyu ilikuwa Nassa, kando ya Ziwa Viktoria katika Busega ya sasa. CMS waliifungua mwaka 1888, na mwaka 1909 waliikabidhi kwa African Inland Mission. Ni misheni hiyohiyo ya pili iliyojenga hospitali ya Kolandoto karibu na Shinyanga, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mahali ambapo wagonjwa wa Maswa na Meatu walipelekwa. Serikali ya kikoloni ya Waingereza kwa upande wake iliweka nguvu katika zahanati ndogo za tawala za wenyeji kuanzia mwaka 1926, zikihudumiwa na madresa waliofunzwa kufunga vidonda na kuchoma sindano. Dresa hakupasua tumbo. Mwanamke wa Bariadi ambaye uchungu wake ulikwama katika miaka ya 1930 alikuwa na mkunga wa jadi, alikuwa na njia ndefu, na kwa kawaida alikuwa na kifo au fistula. Ukomohedhi wa upasuaji haukumfikia kwa sababu upasuaji wenyewe haukumfikia.

Mabadiliko makubwa yalitokea baada ya Uhuru, nayo hayakuletwa na madaktari bingwa. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi, watumishi wenye uzoefu wa tiba waliopewa mafunzo ya ziada, yakiwamo ya upasuaji wa dharura wa uzazi. Hao ndio walioendesha vyumba vya upasuaji vya wilaya. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa mwaka 1971 na kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Lakini kwa mwanamke anayevuja damu Meatu usiku wa mvua, Bugando ilikuwa mbali kuliko uhai wake. Utafiti wa McCord na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipitia kesi 1,134 za uzazi wenye matatizo na upasuaji mkubwa 1,072 katika mikoa ya Mwanza na Kigoma. Uligundua kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba hapakuwa na tofauti ya maana kati yao na madaktari wenye shahada katika matokeo ya wagonjwa. Matokeo hayo ni ushindi wa sera ya Tanzania na yanastahili kutetewa. Hata hivyo, kama ilivyo kwa tafiti nyingi za aina hii, kilichopimwa ni kifo, matatizo makubwa na ubora wa huduma. Mwanamke aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa hai aliingia katika safu ya mafanikio, na hesabu ikafungwa.

Upo ulazima wa kuelewa kilichokuwa kikifanyika katika vyumba hivyo. Mji wa mimba uliopasuka kwa uchungu uliokwama, hasa kwa mwanamke mwenye uzao mwingi, unaweza kushonwa au kuondolewa. Katika dharura mpasuaji huondoa mji wa mimba kwa haraka, mara nyingi sehemu yake ya juu tu, na huziacha ovari zikiwa salama. Huko ndiko kujifunza kutoka Porro hadi leo. Lakini damu iliyovilia pembeni mwa kizazi, au mpasuko ulioingia kwenye mishipa ya upande mmoja, inaweza kuondoka na ovari ya upande huo. Sababu nyingine za upasuaji huwafuata wanawake wasio na mimba: uvimbe wa kizazi unaotoa damu nyingi, usaha katika mirija na ovari uliotokana na maambukizi ya zinaa, na saratani. Kuhusu maambukizi ya zinaa, eneo hili lina nafasi ya pekee katika historia ya sayansi: jaribio la vijijini Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, ndilo lililoonyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mjadala wa jaribio hilo umekuwa juu ya VVU. Haujasemwa vya kutosha kwamba dawa hizohizo ziliwaepusha wanawake na usaha wa mirija, na kwa hiyo na kisu.

Njia nyingine ya kufikia hali hiyohiyo ni mionzi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga huua kazi ya ovari kwa hakika ileile ya kisu. Kwa miongo mingi tiba hiyo ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali ya enzi ya Wajerumani ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya taifa ya saratani. Bugando ilianza kutoa mionzi mwishoni mwa miaka ya 2010. Mwanamke wa Itilima mwenye miaka 38 aliyesafiri hadi Dar es Salaam akatibiwa na kurudi alirudi na ukomohedhi ambao hakuna kovu linaloweza kuuonyesha.

4. Madhara: ushahidi na mipaka yake

Mwaka 1941 Fuller Albright wa Boston alihusisha udhaifu wa mifupa ya wanawake na kukosekana kwa estrojeni baada ya hedhi kukoma. Ushahidi wa kutosha juu ya maisha marefu ya wanawake walioondolewa ovari mapema ulichelewa kwa zaidi ya miaka 60. Watafiti wa Mayo Clinic huko Minnesota waliwafuatilia wanawake waliofanyiwa upasuaji huo kati ya mwaka 1950 na 1987. Mwaka 2006 walichapisha kwamba walioondolewa ovari zote mbili kabla ya umri wa miaka 45, pasipo kuwa na saratani, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 67, na kwamba hatari hiyo ilijitokeza hasa kwa wale ambao hawakupewa estrojeni hadi kufikia umri huo. Mwaka uliofuata walionyesha ongezeko la matatizo ya kumbukumbu na ya akili ya uzeeni. Mwaka 2009 Parker na wenzake waliripoti juu ya wauguzi 29,380 wa Marekani walioondolewa mji wa mimba, wengine pamoja na ovari na wengine bila ovari. Walioondolewa ovari walipungukiwa na saratani ya ovari na ya matiti, lakini walizidiwa na ugonjwa wa moyo na vifo kwa jumla, na hapakuwa na umri wowote ambamo kuondoa ovari kulirefusha maisha.

Hapa msomaji makini atauliza kama wauguzi wa Marekani na wakazi wa kaunti moja ya Minnesota wanaweza kutufundisha lolote kuhusu Bariadi. Jibu langu ni ndiyo, kwa sehemu. Kazi ya estrojeni katika mfupa na katika mshipa wa damu haibadiliki kwa mipaka ya nchi. Kinachobadilika ni mazingira yanayoizunguka. Mwanamke wa Usukuma hutumia mifupa yake kwa kubeba maji, kulima pamba na mahindi kwa jembe la mkono, na kutwanga. Kazi hiyo huimarisha mfupa, na pia hufanya mfupa uliovunjika kuwa msiba wa kaya nzima. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa Minnesota aliyekosa estrojeni aliikosa katika jamii ambamo ilikuwa dukani tangu miaka ya 1940. Kundi la Minnesota ambalo halikupewa homoni ndilo lililoumia zaidi, na kundi hilo ndilo linalofanana na mwanamke anayeruhusiwa kutoka hospitali ya wilaya bila ushauri wowote juu ya homoni. Kwa maoni yangu, makadirio ya Marekani yanaweza kuwa madogo kwa hali yetu kuliko kuwa makubwa.

Utafiti mmoja unavuruga kidogo mpaka nilioueleza mwanzoni, na ni haki kuutaja. Mwaka 2011 Moorman na wenzake waliwalinganisha wanawake 406 walioondolewa mji wa mimba huku ovari zikibaki, na 465 ambao hawakufanyiwa upasuaji. Katika miaka minne ovari zilikuwa zimekoma kwa asilimia 14.8 ya kundi la kwanza na asilimia 8.0 ya kundi la pili. Kwa hiyo hata mwanamke aliyeachiwa ovari anaweza kufikia ukomohedhi mapema, na kwa kuwa hana hedhi ya kumwonya, hatajua. Kiswahili cha mitaani, kinachowaweka wote katika kapu moja la waliotolewa kizazi, kimekosea kianatomia lakini hakikukosea kabisa kuhusu hatima.

Upo pia upande wa mafanikio. Jaribio la Richard Love na wenzake nchini Vietnam na China, lililochapishwa mwaka 2002 likiwa na wanawake 709 wenye saratani ya matiti ambao hawajakoma hedhi, lilionyesha kuwa kuondoa ovari pamoja na kumeza tamoksifeni kulirefusha maisha. Ni tiba ya Beatson iliyorejea, na ni nafuu kwa nchi isiyo na fedha za dawa ghali. Ukomohedhi huo ni wa kuchagua, na anayeuchagua anaweza kuwa amechagua vizuri. Tatizo la kihistoria la Simiyu ni la yule aliyeupata bila kuambiwa.

5. Umri wa mwili na umri wa ukoo

Mwanamke anapokoma hedhi kwa kawaida katika Usukuma, anakoma akiwa tayari na watoto wakubwa, mara nyingi na wajukuu. Cheo chake katika kaya kimekwishajengwa na uzao wake. Hans Cory, katika kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma cha mwaka 1953, anaonyesha jinsi mahari ya ng'ombe ilivyofungamana na uzao: ndoa ilipovunjika, ng'ombe walirudishwa, na idadi ya kurudishwa ilipunguzwa kwa watoto waliozaliwa. R. E. S. Tanner, ofisa wa utawala aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alichapisha mwaka 1956 uchambuzi wa uzazi katika ndoa 148 za Wilaya ya Mwanza. Kwamba ofisa wa kikoloni aliona haja ya kuhesabu mimba ndoa kwa ndoa ni ishara ya uzito wa jambo hilo kwa watawala na kwa watawaliwa pia.

Ukomohedhi wa upasuaji unautenga umri wa mwili na umri wa ukoo. Mwanamke wa miaka 27 aliyeondolewa ovari ana mwili wa bibi, lakini hana wajukuu wala mamlaka ya bibi. Kama ana mtoto mmoja, ng'ombe wa mahari yake bado wana hoja. Kama ana ukavu na maumivu kitandani, na hakuna aliyemweleza chanzo chake, mume anaweza kudhani amechukiwa, na mke anaweza kudhani amelogwa. Joto la usiku linaitwa homa, na dawa ya malaria inamezwa. Simulizi la kitabibu na simulizi la ndoa yanakutana katika mwili mmoja bila mkalimani.

Ipo hatari nyingine ambayo ni lazima izungumzwe kwa tahadhari. Usukuma unajulikana kwa mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi, ambayo Simon Mesaki aliyachambua kwa kina katika miaka ya 1990. Edward Miguel, katika makala ya mwaka 2005, alitumia takwimu za vijiji vya Meatu, wilaya ya Simiyu ya leo, na kuonyesha kuwa mauaji hayo yaliongezeka takriban mara mbili katika miaka ya ukame au mafuriko makali. Wahanga walikuwa zaidi wanawake wazee wa kaya maskini, na alama iliyotajwa sana katika tuhuma ni macho mekundu, ambayo kwa akili ya kawaida ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni katika nchi yenye uhaba wa kuni. Sidai kuwa ukomohedhi wa upasuaji ulisababisha tuhuma hizo. Hoja hiyo ingekuwa ya haraka mno. Ninachosema ni kwamba tuhuma zilikuwa na kawaida ya kusoma mwili wa mwanamke aliyepita uzazi kama ushahidi. Mwanamke anayezeeka kabla ya wakati, asiye na watoto wa kumtetea, asiyelala usiku na kutoka nje kupunga upepo, anaishi karibu zaidi na usomaji huo kuliko jirani yake.

6. Kitabu kisicho na safu

Idadi ya watu wa Simiyu iliongezeka kutoka 1,584,157 katika sensa ya 2012 hadi 2,140,497 katika sensa ya 2022. Katika kipindi hichohicho makadirio ya taifa ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16 hadi 104 katika ule wa 2022. Vituo vya afya vya kata vilijengewa vyumba vya upasuaji, kazi ambayo awali ilikuwa ya hospitali ya wilaya pekee. Kila hatua ya ushindi huu inaongeza idadi ya wanawake wanaonusurika, na miongoni mwao wapo wanaonusurika bila kizazi. Kizazi cha kwanza cha wanawake wa Simiyu watakaozeeka kwa wingi baada ya upasuaji wa aina hii kiko hai sasa, kikiwa na umri wa kati.

Mwanahistoria atawatafuta wapi? Rejesta ya chumba cha upasuaji huandika herufi TAH pale mji wa mimba unapoondolewa, na huongeza BSO pale ovari na mirija ya pande zote mbili vinapofuata. Herufi hizo sita ndizo zinazotenganisha maisha mawili, nazo hubaki katika kitabu cha chumbani humo. Mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA, ulioenezwa nchini kuanzia miaka ya 1990, una vitabu vyenye namba: cha 6 kwa wajawazito, cha 7 kwa watoto, cha 8 kwa uzazi wa mpango, cha 12 kwa wodi ya wazazi, cha 13 kwa mama baada ya kujifungua. Mpangilio huu unamfuata mwanamke kupitia uzazi wake. Aliyetolewa kizazi anafika mwisho wa kitabu cha 13 na kuanzia hapo anaonekana kama mgonjwa wa nje wa kawaida, leo na kichwa, mwezi ujao na mgongo, mwaka ujao na shinikizo la damu, bila mstari unaounganisha mahudhurio hayo na siku ya upasuaji.

Jambo la mwisho ni la dawa. Miongozo ya kimataifa inaelekeza kuwa mwanamke aliyepoteza ovari akiwa kijana, na ambaye hana saratani inayochochewa na homoni, apewe estrojeni hadi karibu na umri wa ukomohedhi wa kawaida, huku presha na hatari ya damu kuganda vikiangaliwa; na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinakubalika kama njia mojawapo. Vidonge hivyo vipo katika zahanati za Simiyu, vikitolewa bila malipo, katika chumba cha uzazi wa mpango. Mhudumu wa chumba hicho anafungua kitabu cha 8, na swali la kwanza analotakiwa kumuuliza anayeingia ni kama anataka kuchelewesha au kusitisha kuzaa. Mwanamke aliyetolewa kizazi hana jibu la swali hilo, na kwa hiyo hana sababu ya kukaa kwenye benchi la mlango huo.